Saa Nzima Haimo

Barua ya Mama Hadija, mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi, ilikuwa na mistari mitatu. Kamati itakaa kikao chake cha mwisho leo saa nane mchana. Jalada la Nahodha Iddi Luqman litakwenda polisi jioni hiyo hiyo. Yunisi alete orodha nzima ya mawasiliano ya tarehe tisa mwezi wa saba, si ule mstari mmoja aliouleta kikao cha kwanza, maana polisi hawapokei vipande.

Yunisi hakuona ugumu wowote katika hilo. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita akiwa mtunza mawasiliano wa Ushirika wa Boti Mwangaza, pale Kasingirima kando ya ziwa, na orodha ndiyo iliyokuwa kazi yake. Nyuma ya redio ya mawasiliano palifungwa kompyuta ndogo isiyo na picha wala vitufe vya kubofya. Ukitaka kuiambia jambo, unaichomekea kioo na kibodi na kuiandikia amri, neno kwa neno. Kila mtu alipozungumza redioni, kompyuta iliandika yenyewe saa, dakika na jina la kituo, kisha Yunisi akaongeza kwa maneno machache kilichosemwa. Hata pasipokuwa na mzungumzaji, kila baada ya dakika kumi iliandika neno moja, "nipo", ili ijulikane kwamba haijalala.

Aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikumtaka akumbuke. Manahodha walimwita Bi Dakika, naye hakuchukia. Ukutani hapakuwa na saa. Ilikuwapo zamani, akaitoa mwenyewe, kwa sababu ilikuwa ikichelewa dakika mbili kila wiki.

Tarehe tisa, boti ya Iddi ilitoka Kasingirima na abiria kumi na tisa ikielekea Sigunga. Kabla haijafika usawa wa mdomo wa Mto Malagarasi, upepo wa kusini uliipata, ikapinduka. Wavuvi waliokuwa wakirudi nchi kavu waliokoa watu kumi na wanane, nahodha akiwamo. Wawili walikufa. Mmoja alikuwa mzee wa Simbo aliyekuwa akimpelekea mkwewe mbegu za maharage. Wa pili alikuwa Diana, mke wa Feliksi. Na Feliksi ndiye karani wa mwalo, ufuko wa kufungia boti, ndiye anayeandika majina ya abiria boti zikiondoka. Jina la mkewe liko kwenye daftari la siku ile, namba kumi na moja, kwa mwandiko wake.

Swali la kamati lilikuwa moja tu. Siku ile Martini, mtu wa redio wa kituo cha kusini, aliuona upepo ukija, akaita redioni, na Yunisi akalirudia onyo kwa vituo vyote na boti zote: asitoke mtu. Kama Iddi aliondoka akiwa amelisikia onyo hilo, hiyo ni kesi ya vifo vya watu wawili. Kama aliondoka kabla ya onyo, ni ajali ya ziwani.

Iddi alisema aliondoka kabla. Alisema sauti ya Yunisi ilimkuta majini, kiasi cha nusu saa tangu atoke, akasonga mbele kutafuta ufuko wa kujikinga, na mawimbi yakampiga ubavuni. Lakini daftari la Feliksi lilisema boti iliondoka saa nane kasoro dakika kumi, na mstari wa Yunisi ulisema onyo lilitangazwa saa saba na dakika ishirini na mbili. Dakika ishirini na nane kabla. Martini alipoulizwa alisema ilikuwa mchana, alikuwa ameshakula, saa hakuitazama. Manahodha wawili wengine walisema hivyo hivyo.

Katika kikao cha kwanza, Leodgar, mwalimu mstaafu ambaye ndiye katibu wa kamati, aliuliza kama saa ya kompyuta yenyewe inaaminika. Yunisi hakujibu kwa mdomo. Alichomeka kioo, akaandika amri *timedatectl*, na kompyuta ikaonyesha saa yake, pamoja na kwamba inafuata majira ya Dar es Salaam na kwamba inajisahihisha yenyewe kutoka mtandaoni. Akaweka simu yake kando ya kioo. Zililingana hata sekunde. Watu waliinama kutazama, na Iddi naye aliinama, mtu mzima wa miaka sitini na moja anayezijua sauti za injini kuliko herufi, akazitazama zile namba mbili zikienda pamoja. Tangu hapo hakubisha tena.

Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi, tarehe thelathini. Yunisi aliita orodha ya tarehe tisa, akaipeleka kwenye mashine ya kuchapa, zikatoka karatasi nne. Hakuwa mtu wa kutia saini asichokisoma. Akakaa kusoma.

Mistari ya kwanza ilianza saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi, umeme uliporudi baada ya kukatika siku mbili. Akaupita ule mstari wa onyo, ambao alikuwa ameukariri. Akashuka. Kwenye karatasi ya tatu akakuta ule wa wavuvi: boti imepinduka, tumeokoa watu, bado tunatafuta. Aliyaandika mwenyewe maneno yale, na alikumbuka mkono wake ulivyokuwa ukiyaandika. Kando yake kompyuta ilikuwa imeweka saa: nane na dakika kumi na nne mchana.

Akaupita. Macho yakashuka mistari miwili, yakasimama, yakarudi.

Boti iliondoka saa nane kasoro dakika kumi. Wavuvi waliita saa nane na dakika kumi na nne. Hizo ni dakika ishirini na nne. Lakini pale ilipopinduka boti, kwa injini ile na abiria kumi na tisa, haifiki chini ya saa moja na robo hata ziwa likiwa limetulia kama maji ya beseni. Na wavuvi walipoita walikuwa wameshawatoa watu majini.

Alichukua kalamu akazipanga zile saa pembeni mwa karatasi, moja chini ya nyingine, kama mtu anayekagua hesabu ya mtoto wa shule. Hazikupangika. Kama boti ilihitaji zaidi ya saa moja kufika pale, na wavuvi wakaita kwa saa ya kompyuta saa nane na dakika kumi na nne, basi kwa saa hiyo hiyo ya kompyuta boti iliondoka saa saba mchana, au kabla yake. Na onyo, kwa saa hiyo hiyo, ni saa saba na dakika ishirini na mbili.

Akapiga mstari chini ya zile saa mbili.

Haikuhitajika hata kujua ni saa gani iliyodanganya, ya kompyuta au ya Feliksi. Kwa vyovyote, sauti yake ilipotoka redioni, Iddi alikuwa majini. Mzee alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, na yeye, Yunisi, alikuwa amemfunga mdomo kwa karatasi.

Kisha, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya, akafanya analolijua: akatafuta chanzo.

Alianza kuhesabu zile "nipo". Zilikuja kila dakika kumi, kama inavyotakiwa, mchana mzima. Saa kumi na nusu, nipo. Saa kumi na dakika arobaini, nipo. Mstari uliofuata ulikuwa wa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Akarudia kuhesabu, kidole juu ya karatasi. Sita hazikuwapo. Umeme haukukatika, redio haikuzimwa, jioni ile ofisi ilijaa watu waliokuja kuuliza ndugu zao, na kompyuta haikulala hata dakika. Lakini kati ya mstari na mstari, saa nzima haimo.

Akachomeka kioo. Kompyuta ina kumbukumbu nyingine, ya ndani, inayoandika kila amri iliyopewa na nani aliyeitoa. Mtu huitazama kwa *journalctl*. Aliitaka ya tarehe tisa. Alijua atakachokiona kabla hakijaonekana, na bado kilipotokea alirudisha kiti nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Amri zilikuwa tatu, na zote zilikuwa na jina lake. Asubuhi: kuzima ile kawaida ya kompyuta ya kujisahihisha mtandaoni, *set-ntp false*. Dakika hiyo hiyo: kuiwekea saa kwa mkono, *set-time*, saa tatu na dakika arobaini. Jioni, mara tu baada ya ile "nipo" ya saa kumi na dakika arobaini: kuiruhusu tena ijisahihishe. Na iliporuhusiwa, ikajisahihisha. Iliuliza mtandaoni, ikajibiwa, ikaruka saa nzima mbele bila kumwambia mtu.

Ndipo alipoikumbuka asubuhi ile. Betri ndogo ya ndani ya kompyuta, ile ya duara kama kifungo cha koti, ilikuwa imekufa tangu mwezi wa tano. Bila umeme kompyuta haikuweza kutunza saa. Umeme uliporudi, iliamka ikidhani bado ni tarehe saba, dakika ile ile ilipozimika. Siku nyingine ingejisahihisha mtandaoni, lakini siku ile mtandao nao ulikuwa umekufa mkoa mzima. Simu ya Yunisi ilikuwa imeisha chaji tangu usiku. Redio peke yake ndiyo iliyokuwa hai, kwa betri ya gari. Naye alikuwa na haraka, kwa sababu hakutaka hata ujumbe mmoja upite bila saa. Akabonyeza redio, akaomba kituo chochote kimpe saa. Sauti ikamjibu, naye akaandika alichoambiwa.

Sauti ilikuwa ya Kagunga.

Alibonyeza redio sasa, akaita Kagunga mara mbili. Pastory alijibu kwa mbwembwe zake za kila siku, akauliza kama Kasingirima wameamka au wameota tu kwamba wameamka. Kagunga ni kaskazini, mwisho wa nchi. Ukivuka korongo uko Burundi. Pastory alikuwa pale kwa mwaka wa tisa na hakuna aliyewahi kumsikia amenuna.

"Pastory, tarehe tisa mwezi wa saba, umeme uliporudi, niliomba saa. Ni wewe uliyenijibu?"

"Mimi. Ulisema simu imezima. Nikasema leo Bi Dakika ameomba msaada, mvua itanyesha."

"Ulisoma wapi hiyo saa?"

"Kwenye simu, dada. Nina saa nyingine?"

"Simu yako ilikuwa inashika mnara upi?"

"Wa Burundi. Wa kwetu si ulikuwa umekufa siku mbili?"

Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Yunisi alilijua hilo tangu darasa la tano. Alilijua kama anavyojua kwamba Malagarasi unaingia ziwani. Ni jambo la kweli ambalo halikuwahi kumgusa.

"Kwa hiyo ulinipa saa ya Burundi."

"Nilikupa saa iliyokuwapo. Huku soko letu linakwenda kwa saa yao, msikiti na shule kwa saa yetu, kwa hiyo mtu akiuliza saa huuliza na ya wapi, ya huku au ya kule. Hata mtoto anajua." Akashusha sauti. "Wewe hukuuliza. Nikadhani unajua unachokitaka."

Yunisi alimshukuru. Pastory akauliza kuna nini, mbona sauti yake iko hivyo. Akamwambia atamwita baadaye.

Hakuwa ameweka kipaza sauti mezani Feliksi alipoingia. Alikuwa na daftari la abiria kwapani, amekuja kuchukua orodha avipeleke vyote kwa Leodgar. Kwa wiki tatu alikuwa amevaa shati lile lile jeusi, na kila siku lilikuwa limefuliwa. Walisalimiana. Feliksi hakukaa, aliegemea mlango akasema, bila kuulizwa, kwamba leo itakuwa kazi nyepesi.

"Kwa nini nyepesi?"

"Nahodha amekubali. Jana alikuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akakaa chini mkekani mbele ya mama mkwe wangu, akasema alilisikia onyo akiwa ufukweni anafunga kamba. Alisema alidhani atawahi." Feliksi alitazama nje. "Akaomba msamaha. Analia, mtu mzima yule."

"Amesema alilisikia?"

"Kwa mdomo wake."

Kosa la saa alilielewa. Lilikuwa na chanzo, hatua na mwisho, lingeweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Hili hakulielewa. Mtu aliyekuwa katikati ya ziwa amekiri kwamba alikuwa ufukweni.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nimemsamehe," Feliksi alisema. "Sikulala wiki tatu, dada Yunisi. Jana nimelala."

Angeweza kungoja kikao. Lakini aliona kwamba kumwacha mtu huyu atoke na zile karatasi mkononi bila kujua zimebeba nini kungekuwa uongo wa aina yake. Akamwambia akae. Feliksi hakukaa. Yunisi akaweka karatasi ya tatu mezani, kando yake daftari la abiria, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu mistari miwili: saa boti ilipoondoka, kwa mwandiko wake mwenyewe, na saa wavuvi walipoita. Hakumweleza zaidi. Feliksi alizaliwa ufukweni. Umbali ule anaujua kwa mwili.

Alitazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Haiwezekani," alisema.

"Haiwezekani. Saa yako ilikuwa sawa. Ya kompyuta ilikuwa nyuma saa moja. Niliiweka mimi, kwa mkono, kwa saa ya Kagunga. Onyo nilitoa saa nane na dakika ishirini na mbili. Alikuwa ameshaondoka nusu saa."

"Mbona amekubali?"

"Kwa sababu nilimwonyesha karatasi."

Feliksi alilifunga daftari, akalifungua tena palepale, kwenye ukurasa ule ule. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilimtisha Yunisi kuliko kilio.

"Basi ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni upepo."

"Siku ile Diana hakutaka kusafiri. Alisema angoje kesho yake. Mimi ndiye niliyemwambia nafasi ipo, apande tu, nikamwandika." Alizikusanya zile karatasi nne, akazigonga mezani zikalingana kingo, akamrudishia. "Peleka ule mstari mmoja kama mara ya kwanza. Hawa hawatauliza. Mzee amekubali, mimi nimesamehe, polisi wataandika wanachoandika. Yameisha."

"Atafungwa, Feliksi."

"Najua."

"Kwa jambo ambalo hakulifanya."

"Najua nilichokisema, dada. Sijasema ni haki. Nimesema peleka mstari mmoja."

Yunisi alitikisa kichwa kukataa. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa la kweli na hakuna hata moja lililomfaa mtu huyu. Feliksi alisimama pale kidogo zaidi, kisha akatoka, akaliacha daftari mezani.

Saa nane kamili watu saba walikuwa wamekaa kwenye chumba cha mikutano cha ushirika. Mama Hadija, mwenyekiti, mfanyabiashara wa dagaa wa Ujiji mwenye sauti ya kufungua soko, alikuwa katikati, Leodgar kulia kwake na kalamu zake tatu. Iddi alikaa kwenye benchi la ukutani, koti lake limefungwa vifungo vyote, kofia magotini. Yunisi alimwamkia. Aliitikia bila kunyanyua macho. Feliksi hakuwapo.

Mama Hadija alianza kusema kwamba kwa kuwa nahodha amekiri mwenyewe, kikao hakitakuwa kirefu. Yunisi akaomba kusema kwanza. Alisema kwa dakika tano. Alitaja saa mbili, ya daftari na ya kompyuta, umbali, zile "nipo" sita zisizokuwapo, amri tatu zenye jina lake, na simu ya Kagunga. Hakuomba radhi, kwa sababu aliona radhi ingewafanya wamtazame yeye badala ya kutazama jambo.

Alipomaliza, mmoja wa wajumbe akauliza, kwa upole, kama hajalazimishwa na mtu. Mwingine akasema Bi Dakika amechoka, ana huruma ya kike, mzee mwenyewe amekubali, sasa kompyuta inataka kumkatalia? Leodgar alikuwa ameshika karatasi ya tatu.

"Mimi niliuliza kama saa ni sahihi," alisema hatimaye. "Tukaonyeshwa."

"Mlionyeshwa saa ya tarehe kumi na tano, mwalimu. Mliniuliza ya tarehe tisa."

Aliwaomba wahamie chumba cha mawasiliano. Walisongamana wote ndani, Iddi mlangoni. Yunisi alichomeka kioo, akaandika *timedatectl*, akaweka simu kando. Zililingana, kama mara ya kwanza. Kisha akaandika amri nyingine: akaizima kawaida ya kujisahihisha, akairudisha saa nyuma kwa saa moja, polepole, ili kila mtu aone kwamba haikubisha wala haikuuliza sababu. Akampa Leodgar kipaza sauti, akamwambia aseme chochote.

Leodgar alikohoa. "Hii ni sauti ya Leodgar, Kasingirima, saa nane na nusu mchana."

Kwenye kioo ukaja mstari mpya. Saa saba na nusu mchana, Kasingirima.

Yunisi akaruhusu tena kompyuta ijisahihishe. Namba zikasita, zikaruka. Akamwomba Leodgar aseme tena. Mstari wa pili ukaja chini ya ule wa kwanza: saa nane na dakika thelathini na mbili. Mtu ambaye hakuwapo chumbani, akiisoma orodha hiyo kesho, angesema kati ya maneno ya kwanza ya mwalimu na ya pili ilipita saa moja na dakika mbili.

Mama Hadija aliketi kwenye kiti cha Yunisi bila kuomba. Alisema, si kwa sauti yake ya sokoni, kwamba wamemla mtu akiwa hai. Leodgar alikuwa ameanza kuandika. Aliandika mstari mmoja akaukata, akaandika mwingine.

Mlangoni paligongwa kidogo, nje kabisa, nyuma ya bega la Iddi. Feliksi alikuwa amesimama pale. Haikujulikana tangu lini. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba saa yake ya mkononi ilikuwa sawa siku ile, aliilinganisha na adhana ya adhuhuri, na kwamba ilipopiga saa nane kasoro kumi aliiona boti ikigeuza kichwa kuelekea ziwani, na redio ya mwaloni ilikuwa haijasema kitu. Alisema hakuwahi kuulizwa habari ya redio. Aliulizwa saa tu. Leodgar akaliandika hilo nalo. Feliksi alingoja mpaka kalamu iliposimama, ndipo alipoondoka.

Mama Hadija alitamka kwamba jalada halitakwenda polisi kama lilivyo. Litakwenda na maelezo mapya, na jina la nahodha litasafishwa kwa barua itakayosomwa mwaloni mbele ya watu. Akamgeukia Iddi, akamwambia: umesikia, mzee, hukukosea. Wajumbe wakaanza kumpa mkono mmoja mmoja. Iddi aliipokea mikono yao kama mtu anayepokea rambirambi.

Walipopungua alisogea mpaka penye meza. Alikuwa bado ameshika kofia. Yunisi alitarajia hasira, na alikuwa ameshakubaliana na nafsi yake kuipokea yote.

"Mwanangu," Iddi alisema, "mimi nilikusikia."

"Ulinisikia ukiwa majini, mzee."

"Nilikusikia nikiwa nafunga kamba. Mguu mmoja ulikuwa kwenye maji, mmoja kwenye boti. Nakumbuka mpaka fundo. Ukasema asitoke mtu. Mimi nikasema nitawahi." Alikuwa akimtazama kwa bidii, kama mtu anayejaribu kusoma bango lililo mbali. "Siku za kwanza sikukumbuka hivyo. Baadaye nikawa nakumbuka. Sasa nafanyaje? Siwezi kuliondoa kichwani."

Yunisi alitafuta kichwani mwake jambo ambalo ni la hakika. Kompyuta mtu huiamuru, ikajisahihisha. Haichukui hata dakika moja, lakini kichwa cha mtu hakina amri.

"Ulipokuwa unafunga kamba," alisema, "mimi nilikuwa sijasema kitu."

"Hujasema kitu."

"Sijasema. Ilikuwa saa nane kasoro kumi. Nilisema saa nane na dakika ishirini na mbili. Ulikuwa mbali."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akiyapima. Nje, Mama Hadija alikuwa akimwita mtu amletee maji.

"Hebu rudia," Iddi alisema.

Akarudia, kwa maneno yale yale. Iddi akamwomba tena. Yunisi akavuta kiti cha pili, akamketisha, akaanza upya tangu mwanzo, saa baada ya saa.